Mashine pepe, bili halisi: wanachodai wenye seva

Jumanne ya tarehe 12 Agosti 2008, mafundi wa kompyuta katika kampuni nyingi duniani walijaribu kuwasha mashine zao, zikagoma. Umeme ulikuwepo na diski zilikuwa nzima. Waliokumbwa ni wale waliojitahidi kwenda na wakati, waliokuwa wameweka toleo jipya la ESX 3.5, programu ya VMware inayogawa seva moja kuwa mashine nyingi. Ndani ya toleo hilo watengenezaji walikuwa wamesahau kipande cha msimbo wa kipindi cha majaribio, kilichopangwa kusimamisha matumizi ikifika tarehe fulani. Tarehe yenyewe ndiyo hiyo. Mashine zilizokuwa zinafanya kazi ziliendelea, lakini iliyozimwa haikuwaka tena, na iliyotakiwa kuhamishiwa seva nyingine haikuhama. Baadhi ya mafundi walijiokoa kwa kurudisha nyuma saa za seva. Paul Maritz, aliyekuwa amekabidhiwa uongozi wa VMware mwezi mmoja tu kabla, aliomba radhi hadharani.

Kiraka kilitoka upesi na watu wakaendelea na kazi. Hata hivyo, siku ile moja ilionyesha jambo ambalo wafanyabiashara wamelirudia kwa namna nyingi tangu hapo. Ukishaweka mifumo yako yote juu ya programu moja, mwenye programu ndiye anayeshika mpini, wewe unabaki na makali.

Zamani kila mfumo ulipewa seva yake. Barua pepe ilikuwa na yake, uhasibu na yake, stoo na yake. Nyingi zilitumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake huku zikila umeme na kiyoyozi usiku na mchana. Programu ya mashine pepe ilikuja kufanya kazi ya mwenye nyumba anayegawa jumba moja kuwa vyumba vya kupangisha: kila mpangaji ana mlango na ufunguo wake, ingawa msingi na bati ni vya wote. Seva moja ikabeba mifumo kumi, ishirini au zaidi, na kila mmoja ukajiona uko peke yake.

IBM ilikuwa ikiuza teknolojia ya namna hii kwa kompyuta zake kubwa tangu mwaka 1972. Ugumu ulikuwa kwenye prosesa za kawaida za Intel. Zilikuwa na maagizo ambayo hayakubali kusimamiwa na programu nyingine, na utafiti wa mwaka 2000 uliyahesabu 17. Mwaka 1998 huko Palo Alto, California, Diane Greene, mumewe Mendel Rosenblum na wenzao watatu walianzisha VMware. Njia yao ilikuwa kuyatafsiri maagizo yale korofi papo hapo, wakati mashine ikiwa kazini. Programu zao za kwanza za seva zilitoka mwaka 2001. Mwaka 2003 wakatoa vMotion, uwezo wa kuhamisha mashine kutoka seva moja hadi nyingine bila kuizima, na waliouona mara ya kwanza walidhani ni kiini macho. Fundi aliweza kufungua seva mchana kweupe na kubadilisha kipuri, huku wateja wa benki wakiendelea kutoa pesa.

Huo ndio ulikuwa uhuru ulionunuliwa, yaani mfumo usifungwe kwenye chuma kimoja. Ukiwasikiliza wafanyabiashara leo, madai yao mengi yanaelekea sehemu moja, nayo ni kuupata uhuru huo huo mbele ya programu yenyewe.

Bei ndiyo inayoongoza orodha, na ugomvi wake haukuanza jana. Julai 2011 VMware ilitangaza kwamba katika vSphere 5, toleo jipya la programu zake za seva, leseni zingepimwa pia kwa kumbukumbu ya RAM iliyogawiwa mashine pepe. Wateja waliokuwa wamenunua seva zenye RAM nyingi, tena kwa ushauri wa VMware yenyewe kwamba wajaze mashine nyingi kwenye seva chache, walipiga hesabu wakaona wanaadhibiwa kwa kutii. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba ndani ya wiki chache kiwango cha leseni ya juu kabisa kilipandishwa kutoka GB 48 hadi GB 96. Mwaka uliofuata utaratibu wote ulifutwa. Pat Gelsinger, bosi mpya, alilitangaza hilo jukwaani San Francisco na ukumbi ukashangilia. Ni nadra watu kushangilia kufutwa kwa kipengele cha leseni, na shangwe ile ilieleza wazi kero ilikuwa imefika wapi.

Safari hii hakuna aliyeshangilia. Broadcom, kampuni ya chipu, ilitangaza Mei 2022 kuinunua VMware kwa dola bilioni 61, na biashara ikakamilika tarehe 22 Novemba 2023. Wiki chache baadaye leseni za kudumu ziliacha kuuzwa. Aliyezoea kununua mara moja na kulipia huduma ya msaada kila mwaka aliambiwa sasa ni malipo ya muda, kwa idadi ya viini vya prosesa, na bidhaa zilizokuwa zinauzwa mojamoja zimefungwa pamoja katika vifurushi vichache. Broadcom inajitetea kwamba ilirithi maelfu ya vifungu vya bei vilivyowachanganya hata wateja, na kwamba kifurushi kikubwa kina thamani kuliko vipande vilivyotawanyika. Utetezi huo una ukweli wake kwa kampuni kubwa inayotumia kila kitu kilichomo. Kwa anayehitaji kugawa seva tatu tu, ni kulipia karamu nzima kwa ajili ya sahani moja.

AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, ilikwenda mahakamani New York mwaka 2024. Katika nyaraka zake ilieleza kuwa ina mashine pepe 75,000 hivi kwenye seva 8,600 hivi, na kwamba ilichotakiwa kulipa kingekuwa ongezeko la asilimia 1,050. Broadcom ilipinga madai hayo, na mwezi Novemba mwaka huo huo pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Mwaka 2025 Tesco, wauzaji wakubwa wa vyakula Uingereza, nao walifungua kesi. Walisema walinunua leseni za kudumu mwaka 2021 pamoja na haki ya kuongeza muda wa msaada, na sasa wananyimwa haki hiyo, wakati mifumo ipatayo 40,000, ikiwemo ya kaunta za kulipia, inategemea programu hiyo. Uholanzi, Rijkswaterstaat, idara ya serikali inayosimamia barabara, mabwawa na njia za maji, ilipata amri ya mahakama Juni 2025 kwamba Broadcom iendelee kuihudumia kwa muda wa hadi miaka miwili wakati inahama.

Muda huo wa miaka miwili si anasa. Kuhama ni kazi nzito kuliko wengi wanavyodhani, na hapa ndipo dai kubwa la pili linapoingia.

Mashine pepe ni faili. Kinadharia faili hunakiliwa tu. Kuna hata muundo wa pamoja uitwao OVF, uliokubaliwa na watengenezaji mbalimbali karibu miaka ishirini iliyopita, ili mashine iliyofungashwa kwa programu moja ifunguliwe kwa nyingine. Lakini OVF hubeba mashine yenyewe tu. Mambo yanayoizunguka hubaki nyuma: kanuni za mtandao zinazosema nani aongee na nani, ratiba ya nakala rudufu, ruhusa za watumiaji, maelekezo ya mashine ipi iwake kwanza umeme ukirudi. Diski za VMware zina muundo wake, za Microsoft wake, za KVM ya Linux wake, na kila ubadilishaji unahitaji mashine izimwe, madereva ya vifaa yabadilishwe, anwani ya mtandao ihakikiwe. Zidisha kazi hiyo kwa mashine elfu mbili. Kampuni ya utafiti ya Gartner imekadiria kwamba biashara yenye mashine zinazofikia idadi hiyo huhitaji kati ya miezi 18 na 48 kuhama. Mkataba wa miaka mitatu unaweza kwisha kabla ya safari kufika.

Ndiyo maana watu wengi wa TEHAMA wanasema kwamba maboresho wanayoyataka zaidi ni yale ambayo hakuna muuzaji anayependa kuyaweka kwenye tangazo: mlango wa kutokea ulio mpana. Wanataka muundo mmoja unaobeba mashine pamoja na kanuni zake za mtandao na nakala zake, pamoja na njia ya kujaribu kuhama na kurudi bila kupoteza siku ya kazi. Washindani wameanza kujenga nusu ya mlango huo, ile ya kuingilia kwao. Machi 2024 Proxmox, kampuni ya Vienna, Austria, ilitoa zana ya kuingiza mashine moja kwa moja kutoka ESXi, mrithi wa ESX, na Beeks Group ya Uingereza, inayohudumia masoko ya fedha, imehamisha sehemu kubwa ya mashine zake zaidi ya 20,000 kwenda kwa mshindani mwingine, OpenNebula. Anayehama leo anapaswa kuuliza mapema kama huko aendako kuna njia ya kutokea.

Leseni za programu zinazokaa ndani ya mashine pepe ni mtego mwingine. Mwaka 2015 Mars, watengenezaji wa chokoleti, waliifungulia Oracle, wauzaji wa hifadhidata, kesi San Francisco kuhusu ukaguzi wa leseni. Msimamo wa Oracle ulikuwa kwamba, kwa kuwa vMotion inaweza kuhamisha mashine kwenda seva yoyote ya kundi, hifadhidata iliyo kwenye seva chache italipiwa kana kwamba iko kwenye seva zote inazoweza kufikia. Mars walieleza kuwa wamekwisha kukabidhi kurasa 233,089 za nyaraka katika ukaguzi huo. Kesi iliondolewa baada ya miezi michache, lakini hofu ilibaki. Kampuni nyingi zimetenga seva za Oracle peke yake, zimekata hata mawasiliano baina yake na kundi jingine, ili mkaguzi akija asipate pa kushika. Teknolojia iliyoletwa kupunguza seva imewarudisha watu kwenye kutenga seva. Watumiaji wanataka programu iweze kuthibitisha, kwa kumbukumbu isiyochezewa, kwamba mashine fulani haijawahi kugusa seva fulani, na wanataka wauzaji wa hifadhidata waukubali ushahidi huo.

Kisha kuna usalama, na hapo lawama inagawanyika.

Mwanzoni mwa Februari 2023 wimbi la mashambulizi lililoitwa ESXiArgs lilifunga mafaili ya mashine pepe na kudai kikomboleo. Mamlaka za Marekani, CISA na FBI, zilihesabu seva zaidi ya 3,800 zilizoathirika duniani. Tundu lililodhaniwa kutumika lilikuwa limetolewa kiraka Februari 2021, miaka miwili kamili kabla. Ni rahisi kuwaita wahanga wazembe. Lakini kuweka kiraka kwenye seva inayobeba mashine ishirini maana yake ni kuiwasha upya, na ili uiwashe upya bila kusimamisha kazi, unahitaji kuzihamishia mashine zake pengine kwanza. Kifurushi cha bei nafuu cha VMware kwa biashara ndogo, kwa miaka mingi, hakikuwa na vMotion. Mwenye duka la jumla au hospitali ndogo alibaki kuchagua kati ya kuzima kila kitu usiku wa manane au kuahirisha hadi mwezi ujao. Wengi waliahirisha. Uwezo wa kuweka baadhi ya viraka bila kuiwasha upya seva ulifika katika vSphere 8 mwaka 2024. Wafanyabiashara wanaomba uwezo huo uwe sehemu ya msingi ya kila kifurushi, kama breki za gari, na ombi hilo ni la haki.

Viraka vyenyewe navyo viaminike. Novemba 2021 VMware ililazimika kuondoa kwenye mtandao toleo zima la vSphere 7.0 Update 3 kwa sababu ya kasoro, ikiwemo seva kuanguka ghafla, na toleo lililorekebishwa likatoka Januari 2022. Fundi aliyeumwa namna hiyo huwa hakimbilii kiraka kinachofuata, hata kama kinaziba tundu la wezi.

Kero ndogo za kila siku husikika chini ya hizi kubwa. Mojawapo inajulikana kwa kila aliyewahi kusimamia seva. Kabla ya kubadilisha kitu, fundi huhifadhi hali ya mashine kama ilivyo sasa, ili mambo yakiharibika arudi pale. Mambo yakienda vizuri, anasahau kuifuta. Kuanzia hapo kila badiliko huandikwa kwenye faili la pembeni ambalo hukua kimyakimya wiki baada ya wiki, mpaka hifadhi inajaa na mashine zote zilizo juu yake zinasimama kwa pamoja. Programu inaona faili likikua. Inajua umri wake. Bado, katika ofisi nyingi, taarifa ya kwanza ni simu ya mhasibu akilalamika kwamba mfumo umeganda. Onyo la wazi, lililowekwa tayari tangu siku ya kwanza, lingewaepusha watu wengi na usiku wa kukesha.

Afrika Mashariki madai haya yana uzito wa ziada. Leseni hizi hutozwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123 za Kenya, na Januari 2024 ilipita 160. Kampuni ya Nairobi iliyokuwa ikilipa bei ile ile bila nyongeza yoyote ilijikuta bili yake kwa shilingi imepanda kwa karibu theluthi moja. Leseni ya kudumu ilikuwa kinga dhidi ya hali hiyo: umelipa, umemaliza, na mwaka mbaya unaweza kuvumilia bila kusasisha mkataba. Malipo ya muda hayana huruma hiyo. Tena vifurushi vya sasa huhesabu angalau viini 16 kwa kila prosesa, hata kama prosesa yako ina vinane. Ofisi yenye seva moja ya zamani inalipia nguvu isiyokuwa nayo.

Suala la chuma cha zamani nalo ni letu. Biashara nyingi za huku huanza na seva zilizotumika Ulaya au Marekani, ambazo bado zina miaka mingi ya kazi. vSphere 7 ilipotoka mwaka 2020 iliacha kuunga mkono madereva ya mtindo wa zamani, na kadi za mtandao na za diski zilizokuwa zikifanya kazi jana hazikutambulika leo. Mtengenezaji ana sababu zake, kwani msimbo wa zamani ni mzigo na ni hatari. Wanachoomba watumiaji ni taarifa ya mapema iliyo wazi na viraka vya usalama vya muda mrefu kwa toleo la mwisho linalokubali chuma chao.

Halafu kuna umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilizama gizani, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikosa taa katika baadhi ya majengo. Katika hali hiyo chumba cha seva kina dakika kumi au ishirini za betri. Mashine zinapaswa kuzimwa kwa mpangilio, hifadhidata kabla ya hifadhi yake, na umeme ukirudi ziwashwe kwa mpangilio uleule kinyumenyume, hata kama fundi yuko matangani kijijini. Vipande vya kufanya hivyo vipo, lakini fundi huviunganisha mwenyewe kwa hati alizoandika kwa mkono, na hati hizo huondoka naye anapopata kazi pengine. Mei 2024 kukatika kwa nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari kulipunguza intaneti kutoka Tanzania hadi Kenya na kwingineko, na waliotegemea kusimamia seva zao kupitia tovuti iliyo nchi nyingine walipata somo gumu. Programu ya seva lazima ifanye kazi zake zote hata ikiwa imetengwa na dunia.

Mafundi wenyewe hupatikana vipi? Wengi walijifunza kwa toleo la bure la ESXi, kwenye kompyuta kuukuu nyumbani au katika maabara ya chuo. Februari 2024 toleo hilo liliondolewa. Aprili 2025 likarudishwa, bila maelezo mengi. Microsoft nayo haikuendeleza toleo la bure la Hyper-V Server, programu yake ya mashine pepe, baada ya lile la 2019. Katika pengo hilo Proxmox, ambayo msimbo wake uko wazi na malipo yake ni ya hiari kwa anayetaka huduma ya msaada, imepata wanafunzi wengi. Ina mapungufu. Kwa miaka mingi ilikosa jopo moja la kusimamia makundi mengi ya seva, na msaada wake rasmi hufuata saa za kazi za Austria, jambo linalowakera Wamarekani. Kwa Dar es Salaam na Nairobi, ambako tofauti na Vienna ni saa moja au mbili tu, saa hizo zinafaa kabisa.

Kwa sasa kalenda ndiyo inayowasukuma watu. Msaada wa kawaida kwa vSphere 7 ulikoma tarehe 2 Oktoba 2025, na wa vSphere 8 umepangwa kukoma Oktoba 2027. Ukichukua makadirio ya miezi 18 hadi 48 na kuhesabu kurudi nyuma kutoka Oktoba hiyo, hata safari ya haraka kabisa inatakiwa iwe imeanza kufikia Aprili 2026. Iliyo ndefu ilitakiwa kuanza Oktoba 2023, mwezi mmoja kabla ya Broadcom kukamilisha ununuzi.